Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo na Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni ya saruji: tunaomba matokeo ya bloku zetu

Dodoma

Kwa Makamu Mkuu wa Chuo kilichofanya utafiti,
na Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni ya saruji iliyoufadhili.

YAH: MATOKEO YA UTAFITI WA ZEGE LENYE SARUJI PUNGUFU ULIOFANYIKA KWENYE YADI ZETU

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wafyatuaji wa bloku na pevingi hapa Dodoma, wengi wetu tuko upande wa Nala na Kizota. Mimi ninayeandika nilisomea ufundi sanifu wa ujenzi, nikafanya kazi maabara ya vifaa kabla ya kufungua yadi yangu, na ndiyo maana wenzangu wamenikabidhi kalamu. Majina ya taasisi zenu sitayataja. Mnajijua, na hatukusudii kumwaibisha mtu. Tumekuja hadharani kwa sababu njia ya ofisini imekwama. Tukiandika chuoni tunaambiwa data ni mali ya mfadhili. Tukiandika kwenye kampuni tunaambiwa utafiti ni wa chuo. Mara ya mwisho tulijibiwa kwa mstari mmoja tu, kwamba suala letu linafanyiwa kazi.

Kwa wasomaji ambao hawakufuatilia, nieleze kidogo tunachogombania. Klinka, zile punje ngumu zinazosagwa kuwa saruji, hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa na udongo kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Jiwe la chokaa likiungua hutoa hewa ya ukaa lenyewe, na hiyo ndiyo sehemu kubwa, kama asilimia 60 ya hewa hiyo katika kutengeneza klinka. Inayobaki inatokana na makaa ya mawe, gesi au chochote kinachowashwa. Kwa hiyo hata ukitafuta nishati safi namna gani, jiwe bado litatoa la kwake. Duniani kote saruji hubeba asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Njia iliyo karibu ni kupunguza klinka na kuweka mahali pake kitu kingine kinachoshika.

Ulaya walitumia jivu la mitambo ya umeme wa makaa ya mawe na mabaki ya matanuri ya chuma. Sisi hatuna vitu hivyo kwa wingi wao. Tuna vya kwetu: majivu ya volkano ya Kilimanjaro na Rungwe, udongo mweupe wa kaolini wa Pugu, na huku Kanda ya Kati tuna maganda ya mpunga wa Bahi. Jasi ya Itigi inakwenda viwanda vya saruji miaka yote. Saruji nayo inatufikia kwa barabara, na inayotoka Dar es Salaam husafiri kilomita 450 hivi, huku mji ukijengwa kila upande: Mji wa Serikali Mtumba, uwanja wa ndege wa Msalato, barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3, pamoja na nyumba zetu za kawaida ambazo hakuna anayezizindua.

Ndiyo maana wataalamu wenu walipokuja na wazo la kupunguza saruji kwenye bloku kwa kuweka jivu la maganda ya mpunga, hatukuhitaji kubembelezwa. Tulitoa nafasi ya yadi, mashine za kufyatulia, mchanga na vibarua. Jivu tulilileta wenyewe kwa magunia. Ahadi tuliyopewa ilikuwa moja, kwamba namba zikitoka sisi tutakuwa wa kwanza kuziona.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Matokeo hayajarudi kwa waliotoa jasho.

Kyubu (vipande vya zege vya kupimia nguvu) na bloku zilivunjwa kwenye mashine yenu. Tunajua, kwa sababu vijana wetu ndio waliozibeba, kila moja ikiwa na namba iliyokwaruzwa kwa msumari kabla haijakauka. Kuna kundi la bloku ambalo hata sisi bila mashine tuliona lina kasoro: kona zilimenyeka ukizishika, na ukigonganisha mbili zinatoa mlio wa kufa. Kuna kundi jingine lilikuwa gumu kuliko bloku zetu za kila siku.

Tunahisi tofauti iko kwenye jivu. Magunia mengine yalitoka kwenye matanuri ya tofali za kuchoma, na jivu lake lilikuwa jeupe lenye wekundu kwa mbali. Mengine yalichomwa taratibu kwenye mapipa, likatoka jivu la kijivu. Inajulikana kwamba jivu la maganda ya mpunga likichomwa vizuri huwa na silika (madini yaliyomo pia kwenye mchanga) ya asilimia 85 hadi 95, lakini silika hiyo hufanya kazi kama joto halikupita sana nyuzi 700. Likipita, silika inageuka fuwele, na humo ndani ya zege haina kazi tofauti na ya mchanga. Jivu jeusi nalo lina mkaa ambao haukuungua, linakunywa maji ya mchanganyiko. Je, hicho ndicho kilichotokea kwetu, au tatizo lilikuwa jingine? Jibu liko kwenye makabati yenu.

Na huku nje mambo hayajasimama kusubiri. Kuna watu mjini wameshaanza kuchanganya jivu lolote wanalolipata, kwa kuwa walisikia chuo kimethibitisha. Lipi linafaa na lipi halifai hawajui. Bloku hizo zinaingia kwenye kuta za nyumba ambamo watu watalala.

Najua mtataja siri ya biashara. Tunaiheshimu. Kama kampuni ina kemikali yake au bidhaa inayoandaa, ibaki nayo. Lakini nguvu ya bloku iliyofyatuliwa kwenye yadi yangu, kwa jivu la gunia langu, inakuwaje siri ya mtu mwingine? Tena namba mbaya ndizo tunazozihitaji zaidi. Nzuri zina watu wa kuzitangaza. Picha za chuo na kampuni mkitia saini mkataba wa utafiti tuliziona wiki ile ile mlipousaini.

2. Saruji ya maabara si saruji ya dukani.

Hili linanikera kuliko yote. Mifuko niliyoiona maabara kwenu ilikuwa ya saruji ya aina ya CEM I, daraja la nguvu la 42.5, imeletwa moja kwa moja na kampuni. CEM I ni karibu klinka tupu, asilimia 95 na kuendelea. Mfuko wa 32.5 tunaonunua sisi dukani, ukisoma ubavuni, umeandikwa CEM II au CEM IV. Maana yake klinka imeshapunguzwa kiwandani na mahali pake pamewekwa pozolana (majivu au udongo unaosaidia saruji kushika), unga wa mawe ya chokaa au vyote viwili. Kwa mujibu wa viwango, CEM II/B huwa na viongezwa vya asilimia 21 hadi 35, na CEM IV/B asilimia 36 hadi 55.

Chukueni mfyatua bloku aliyesikia kwamba unaweza kuondoa asilimia 20 ya saruji ukaweka jivu. Kama mfuko wake una viongezwa asilimia 30 tayari, anabaki na klinka asilimia 56. Kama una asilimia 50, anabaki na 40. Na pozolana haishiki peke yake: inasubiri chokaa inayotolewa na klinka ikikutana na maji. Klinka ikiwa haba, jivu lingi linakosa cha kushikana nalo, linabaki vumbi ndani ya bloku. Mtafiti aliyeanza na CEM I hawezi kuliona tatizo hili hata akirudia jaribio mara mia.

Hapa niseme jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda. Huenda jibu sahihi ni kwamba jivu lichanganywe kiwandani, lisagwe kwenye kinu, lipimwe na mfuko upigwe alama ya ubora ya TBS, badala ya sisi kulikoroga kwa sepetu. Kiwanda kinasaga laini kuliko sisi, na kina maabara kila zamu. Kama utafiti umeonyesha hivyo, tuambiwe. Tutaacha kuchanganya tuwe wauzaji wa jivu, na wenye mashine za kukoboa Bahi watapata soko la kitu wanachokichoma pembeni ya mashine. Shida ni kwamba kampuni inayouza saruji ikikaa peke yake na majibu hayo, ndiyo itakayoamua klinka ipunguzwe wapi na faida ya kuipunguza ibaki mfuko wa nani. Chuo cha umma hakikupaswa kukubali kifungu kinachoruhusu hilo.

3. Dodoma yenyewe haikupimwa.

Kyubu zenu zililala siku 28 ndani ya tangi la maji, kivulini. Kiwango ndivyo kinavyotaka na hatubishani nacho. Lakini tangi linaonyesha zege linaweza kufika wapi likitunzwa vizuri. Halionyeshi litafika wapi hapa.

Hapa mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka wa kawaida ni kama milimita 550 hadi 600. Miezi inayobaki ni jua na upepo. Bloku iliyofyatuliwa saa mbili asubuhi mwezi wa Septemba, ikifika saa sita imeshapauka. Ukiimwagia maji unasikia inavyoyafyonza. Slabu iliyomwagwa mchana huo, kabla fundi hajamaliza kuisawazisha, upande aliouanza umeshatoka nyufa nyembamba kama mistari ya kiganja.

Zege lenye pozolana hukomaa polepole. Nguvu yake ya siku 7 huwa ndogo, inakuja kujitokeza baadaye, na ili ijitokeze lazima unyevu uwepo muda wote huo. Zege la kawaida tunalimwagilia siku 7. Hili linataka kama wiki mbili. Maji yanatoka wapi? Chanzo kikubwa cha mji huu ni visima vya Makutupora, na watu wameongezeka sana tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016. Bomba likikauka, yadi inanunua boza.

Kwa hiyo hesabu ya bloku ya jivu haiishii kwenye saruji iliyookolewa. Unatoa wiki ya ziada ya maji, unatoa posho ya kibarua wa kumwagilia, unatoa nafasi ya yadi iliyokaliwa na mzigo ambao bado hauuziki huku mteja amesimama getini na canter. Kwenye wasilisho lenu hesabu hiyo haikuwepo. Ya hewa ya ukaa ilikuwepo, mpaka desimali.

Sisemi haiwezekani. Kufyatua jioni, kufunika kwa magunia ya katani yaliyoloweshwa na nailoni juu yake, kuzipanga bloku upande usiopigwa na upepo: haya tunayafanya miaka yote, ila hakuna aliyeyapima. Weka kyubu nyingine nje, pembeni ya slabu, zipate jua lile lile na maji yale yale, kisha zivunje siku moja na zile za tangi. Hilo si jaribio la gharama. Linataka mtu mmoja atoke ofisini.

Kuna na suala la nondo. Zege lenye klinka chache lina akiba ndogo ya chokaa, kwa hiyo hewa ya ukaa ikipenya huimaliza mapema ile hali ya alikali inayoilinda nondo isishike kutu. Bloku za ukuta na pevingi hazina nondo, na ndiyo maana ni mahali salama pa kuanzia. Nguzo na mihimili isubiri. Wataalamu wenu wanaujua mpaka huo. Fundi wa Nzuguni aliyesikia juu juu kwamba zege la jivu ni zuri haujui, na hakuna karatasi hata moja ya Kiswahili iliyomweleza.

4. Kwenye mkataba wenu kiwanda ni kimoja tu.

Mradi wa HEET, ule wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, ulioanza 2021 umevihimiza vyuo vikuu viwe na kamati za ushauri zenye watu wa viwanda. Ni jambo jema. Lakini kwenye meza yenu upande wa viwanda umekaliwa na kampuni moja ya saruji, basi. Zege la ujenzi wa watu wa kawaida nchini halitoki kwenye magari ya kuzungusha. Linakorogwa chini, linapimwa kwa ndoo na karai, na kokoto zake anazijua aliyezinunua. Wafyatua bloku hawamo kwenye kamati, mafundi hawamo, wakoboaji wa Bahi hawamo, VETA hawamo. Tuliitwa siku ya kubeba mizigo.

5. Fundi sanifu wa maabara.

Wanafunzi huja, huandika tasnifu, huondoka. Hatuwalaumu, muda wao ni mfupi. Anayebaki ni fundi sanifu, na ndiye anayejua gunia lipi liliingia kyubu ipi. Jina lake halimo kwenye utafiti wala posho hakupata. Akihama leo, nusu ya kumbukumbu inahama naye.

Mnaweza kusema utafiti bado unaendelea. Sawa, lakini kyubu za siku 28 zilishavunjwa, na namba zake hazitabadilika kwa kuendelea kukaa kabatini. Mnaweza kusema hakuna fedha za kuchapisha. Jedwali la kurasa mbili likibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kata linatutosha.

Tena tunachoomba kimeshafanyika kwingine. Saruji ya LC3, ambayo sehemu ya klinka yake inachukuliwa na udongo uliochomwa na unga wa mawe ya chokaa, imetokana na ushirikiano wa chuo cha EPFL cha Uswisi, watafiti wa Cuba na vyuo vya IIT vya India. Viwanda vilishiriki, majaribio yakafanyika kwenye matanuri halisi, matokeo yakachapishwa wazi yasomwe na kila mtu. Klinka hupungua hadi kubaki nusu, na hewa ya ukaa hupungua kwa kiasi kinachofika asilimia 40 hivi. Sijasikia kiwanda kilichofilisika kwa sababu hiyo. Na hapa nyumbani, tofali za kufungamana zilizofanyiwa kazi na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi ziliwafikia mafundi kwa sababu walifundishwa waziwazi, mashine ikiwa mbele yao.

Kwa hiyo tunaomba:

(a) Matokeo yote ya bloku na kyubu zilizotokana na yadi zetu, mazuri na mabaya, yatolewe kwa Kiswahili pamoja na aina ya jivu na aina ya saruji iliyotumika.

(b) Tangazo fupi la chuo litoke sasa, bila kusubiri (a), likieleza jivu gani lisitumike na kwamba zege lenye nondo bado halijathibitishwa.

(c) Majaribio yarudiwe kwa mifuko iliyonunuliwa dukani Dodoma, na kyubu za nje zivunjwe pamoja na za tangi. Yafanyike kiangazi. Masika yatatupa majibu ya kutufurahisha tu.

(d) Mkataba uongezewe kifungu kwamba matokeo yanatolewa kwa umma ndani ya miezi 6 baada ya vipimo, isipokuwa yale yanayohusu bidhaa ya kampuni yenyewe.

(e) Wafyatua bloku na fundi sanifu wa maabara wapate kiti kwenye kamati. Kiti cha kupiga kura.

Tunasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 30. Yasipokuja, tutaiomba Tume ya Sayansi na Teknolojia ituite pande zote tatu kwenye kikao kimoja, na awamu ya pili ya utafiti, ambayo tumesikia inaombewa fedha, itafute yadi kwingine. Yakija, yadi ziko wazi kama zamani. Orodha ya magunia tuliyotoa, na kila gunia lilichomwa wapi, ninayo kwenye daftari. Mtu wenu aje na ya kwake tuzilinganishe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi, kwa niaba ya wafyatuaji wa bloku
Nala na Kizota, Dodoma

Nakala:
Mkurugenzi Mkuu, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH)
Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Viwango Tanzania (TBS)
Mkuu wa Mkoa wa Dodoma